Turbo Inayochelewa: Maswali Yenu kuhusu Injini za Nguvu Kubwa

Barua nyingi za safari hii zinalia kilio kimoja. Mtu kaunda injini ya turbo ya nguvu farasi mia tano na zaidi, lakini akikanyaga mafuta gari linakaa, linawaza, halafu linaondoka kwa kishindo wakati keshapitwa. Kwa wageni: turbo ni pampu ya hewa; moshi wa eksozi huzungusha feni ya nyuma, nayo feni ya mbele huisukumia injini hewa yenye presha. Nimechagua barua zenye manufaa kwa wengi.

Msomaji wa Dar es Salaam: Fundi, nina 2JZ-GTE, injini ya Toyota ya lita tatu, niliyoifunga turbo moja kubwa yenye beringi za gololi, ya kufikisha farasi 800. Presha haijai mpaka mizunguko 5,000 kwa dakika. Nibadilishe nini ili iamke mapema, bila kupoteza nguvu ya juu?

Badilisha turbo. Najua hilo silo ulilotaka kusikia, lakini kuchelewa kwa turbo hununuliwa siku ile unayochagua ukubwa wake, na vifaa vya baadaye hupunguza kidogo tu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wengi mnayachanganya. Kuna kizingiti: mizunguko ambayo chini yake moshi wa injini hautoshi kujaza presha hata ukikanyaga mpaka chini ukasubiri. Halafu kuna kuchelewa kwenyewe: ule muda wa kusubiri ukiwa tayari juu ya kizingiti. Tatizo lako ni la kwanza. Ndiyo maana beringi za gololi ulizouziwa kwa bei ya juu hazijakusaidia sana. Zinafanya kazi nzuri, ila kwenye tatizo la pili.

Turbo kubwa huongeza na hilo tatizo la pili. Feni yake ni kama jiwe la kusagia: likishashika kasi halina shida, kazi iko kwenye kuliondoa. Na uzito huo wa kuzunguka haupandi polepole. Kwa feni mbili za umbo moja, unapanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano. Ongeza kipenyo kwa asilimia 10 tu, ugumu wa kuizungusha unaongezeka kwa takriban asilimia 60. Toyota waliifunga injini hiyo turbo mbili za kupokezana, moja ikianza na ya pili ikijiunga juu, kwa sababu walijua lita tatu hazina moshi wa kutosha kuamsha feni kubwa mapema. Wewe umezitoa zote mbili. Gharama yake ndiyo hiyo unayoiona barabarani.

Kama huwezi kununua turbo nyingine sasa, jaribu hauzingi ya nyuma, yaani ganda la feni ya nyuma, yenye A/R ndogo zaidi; A/R ni namba ya ukubwa wa njia ya moshi ndani ya ganda hilo. Ukishuka kutoka 1.06 hadi 0.82 utaona tofauti, na utapoteza kiasi fulani juu kabisa. Kama injini itafunguliwa hata hivyo, uwiano wa mgandamizo (kiasi silinda inavyobana hewa kabla ya kuwaka) wa kiwandani ni 8.5 kwa 1, na pistoni za 9 au 9.5 zitaipa uhai kabla ya turbo kuingia. Lakini hapo lazima uwe na petroli nzuri na mtu anayejua kupanga muda wa cheche, la sivyo injini itagonga, yaani mafuta yatajiwakia ovyo ndani ya silinda, na utazika pistoni mpya.

Ninachowaomba mtazame ni 1JZ-GTE, ndugu mdogo wa injini hiyo. Mwaka 1996 Toyota waliondoa turbo mbili ndogo wakaweka moja, pamoja na VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vavu. Kwenye karatasi nguvu ilibaki palepale, farasi 280 za Kijapani. Ila torki (nguvu ya kuzungusha) ya juu kabisa, iliyokuwa ikipatikana kwenye mizunguko 4,800, ilishuka mpaka 2,400. Aliyeendesha Toyota Chaser yenye injini hiyo, ya kabla na ya baada, anajua ni magari mawili tofauti, na namba ya daino, mashine ya kupimia nguvu, haikumwambia hivyo. Acheni kununua turbo kwa ajili ya namba ya kumwonyesha jirani.

Msomaji wa Mwanza: Nikitoa filta ya hewa kabisa, turbo itaamka haraka?

Hapana. Vumbi litakula feni ya mbele, kisha litakula silinda.

Msomaji wa Nakuru: Nataka kuiwekea Impreza yangu ya EJ20 turbo ya njia mbili, lakini ule mngurumo wa Subaru ubaki. Inawezekana?

Haiwezekani vizuri, na afadhali ujue sasa kabla hujatoa pesa. Injini hiyo huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) ya turbo ya njia mbili inaunganisha silinda ya 1 na ya 2 kwenye njia moja, ya 3 na ya 4 kwenye njia nyingine, ili mapigo ya moshi yasigongane njiani. Kila pigo linaifikia feni likiwa na nguvu zake, na presha inajaa mapema. Mngurumo mnaoupenda unatokana na kinyume chake: mabomba yenye urefu usiolingana yanayomwaga moshi mahali pamoja. Subaru wenyewe walichagua njia mbili kwa STI za soko la Japani za miaka ya 2000, na mlio ukatulia. Mimi ningechagua mwitikio.

Tafadhali usifunge turbo ya njia mbili kwenye manifoldi ya njia moja. Nimeona magari ya namna hiyo yakisifiwa kwamba "yamebadilishwa", na faida yote imeishia kwenye manifoldi. Na wenye EJ257 ya lita 2.5, pistoni zenu za kiwandani ni za kumimina kwenye kalibu, si za kufua. Injini ikigonga, huvunjika pale ringi zinapokaa. Kabla ya kufikiria turbo, fikirieni pistoni.

Msomaji wa Kampala: Nataka mfumo wa antilagi, wa kuzuia turbo kuchelewa, kama wa magari ya rally, wa kupiga risasi nikiachia mafuta. Niupate wapi?

Usiutafute. Mfumo huo huchelewesha cheche na kupitisha hewa ya ziada ili mafuta yawakie ndani ya manifoldi ya eksozi, feni isipoteze kasi. Joto lake huchoma feni, hupasua manifoldi, hula vavu za eksozi. Timu za rally ziliuhitaji kwa sababu sheria ziliwabana kwa kizuizi cha hewa cha milimita 34. Nguvu ya juu ilikuwa na kikomo, kwa hiyo ushindi ulikuwa kwenye mwitikio. Nao walibeba turbo za akiba. Toyota walipouza Celica GT-Four ST205 ya kuidhinishia mashindano, vifaa vya antilagi vilikuwemo, lakini vimezimwa. Kulikuwa na sababu.

Kuna hatari nyingine wauzaji hawaitaji. Mfumo ukishikilia njia ya hewa wazi, injini haivuti tena ombwe linalosaidia breki. Unaachia mafuta kwenye mteremko, unakanyaga breki, pedali ni ngumu. Kwenye barabara yenye watoto na bodaboda hilo silitetei hata kidogo.

Msomaji aliyehama Mombasa kwenda Nairobi: Gari lilelile, tyuni ileile, lakini huku turbo inachelewa. Imeharibika?

Pengine haijaharibika, ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na presha ya hewa huko ni kama bar 0.82. Kabla turbo haijaamka, injini yako inavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 18, inatoa moshi mchache, na moshi huo ndio unaotakiwa kuizungusha feni. Halafu kazi yenyewe imeongezeka. Mombasa, ili injini ipate bar 2 kamili (ukijumlisha na presha ya hewa ya kawaida), turbo inazidisha hewa mara 2. Nairobi inabidi izidishe karibu mara 2.45.

Usiongeze presha kwa pupa ili kufidia. Feni ya mbele inaweza kuzidi kasi yake, na hewa inatoka ya moto zaidi. Gari lifanyiwe tyuni upya hukohuko. Na anayejenga gari la nyanda za juu achague turbo kwa hesabu za nyanda za juu. Ushauri wa watu wa usawa wa bahari utampotosha.

Wasomaji kadhaa, tena: Dampo vavu ipi inaondoa kuchelewa?

Hakuna. Vavu hiyo kazi yake ni kutoa presha unapoachia mafuta. Inayorudisha hewa kwenye mfumo husaidia kidogo kati ya gia, basi. Kabla ya kuniuliza hili tena, ziba mdomo wa turbo, jaza hewa kwenye mabomba, pakaza maji ya sabuni kwenye kila kiungo mpaka interkula, kipozea hewa ya turbo, utafute inapovuja. Kisha kagua ufa kwenye manifoldi ya eksozi, na westigeti (vavu inayopitisha moshi pembeni ya feni) inayofunguka mapema. Hivi ndivyo ninavyoanza na kila gari linaloletwa likidaiwa lina turbo nzito.

Msomaji wa Arusha: Nina 1JZ ya zamani ya turbo mbili. Naweza kupandisha presha mpaka bar 1.4 kwa turbo hizohizo?

Usithubutu. Feni zake za nyuma ni za kauri. Zilitengenezwa nyepesi ili ziamke haraka, na zinaamka kweli, lakini ukizidisha presha na joto hupasuka. Baki kwenye presha ya kiwandani, au nunua turbo yenye feni ya chuma kabla hujagusa presha.