Mleta mada wa Moshi, weka chini hiyo dadu ya pande 20

Usichape. Salamu nitakupa baadaye.

Umesema gemu lenu la kuigiza mezani (kila mchezaji anaigiza mhusika wake, dadu ndizo zinaamua kama anachojaribu kimewezekana), la upelelezi wa siku hizi hapo Moshi mjini, linaingia toleo la pili, na unauliza mbadilishe nini: matumizi ya simu, orodha ya silaha, namna ya kuhesabu pesa za mhusika. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja deni akiwa ameshafika mlangoni, ukachomekea kwamba mnaacha dadu mbili za kawaida mnakwenda dadu moja ya pande 20 "ili lionekane la kimataifa". Hapo ndipo chai iliponipalia.

Mimi nilifanya hivyohivyo hapa Arusha mwaka 2019. Nina kopi 169 za kitabu cha gemu langu chini ya kitanda. Mke wangu anaziita mkaa.

Toleo letu la kwanza lilikuwa fotokopi ya kurasa 40, imebanwa pini mbili. Ndani kuna madalali wa mawe ya vito, madereva wa vifodi (daladala za hapa kwetu), askari kanzu, waandishi wa habari. Kanuni ni moja: rusha dadu mbili za ludo, jumlisha na namba ya ujuzi wa mhusika wako, ukifika 8 umeweza. Watu walikuwa wanaielewa kabla soda haijaisha ubaridi.

Akatokea jamaa mmoja, simtaji, mtaalamu wa kutazama vidio za watu wanaocheza magemu ng'ambo. Yeye mwenyewe hajawahi kuongoza mchezo mezani hata mara moja, nilikuja kujua baadaye. Akaniambia, "Bro, gemu za wakubwa hazichezwi na dadu za ludo." Sentensi hiyo moja ilinikaa kichwani wiki nzima. Nikaona aibu ya dadu zangu! Nikaagiza dadu za pande 20 kutoka China, maana maduka niliyozunguka mjini hapa walidhani naulizia dawa. Nikabadilisha kanuni: sasa unatakiwa ufikishe 13. Nikajisemea ni kitu kilekile, kwa sababu asiyejua lolote alikuwa na asilimia 42 ya kuweza, na sasa ana 40. Hesabu safi kabisa. Form Four nilipata C ya hesabu, msinicheke.

Kumbe nilipima mtu mmoja tu, yule asiyejua. Mwenye ujuzi sikumpima. Kwa dadu mbili, jumla ya 7 ina njia 6 kati ya 36 na 12 ina njia moja tu, kwa hiyo dadu zinarundikana katikati na kila pointi ya ujuzi ina uzito wa kweli. Mwenye ujuzi 3 alihitaji 5 tu kwenye dadu, yaani njia 30 kati ya 36, asilimia 83. Dadu ya pande 20 haina katikati. Kila upande ni asilimia 5, basi. Huyohuyo mwenye ujuzi 3 akashuka hadi asilimia 55. Fundi aliyebobea na mtu aliyeokotwa stendi wakawa karibu sawa, na mimi mwenye kitabu sikuona.

Nilikuja kuona Kijenge, dukani kwa dada mmoja, tumepanga kreti za soda tukaweka ubao juu. Mmoja wa wachezaji ni dereva wa kifodi kweli kweli, na mhusika wake pia ni dereva, Udereva 3. Anatakiwa arudishe gari kinyumenyume kutoka kichochoro cha Kilombero, majambazi wako mbele. Akarusha. Ile dadu ni kama gololi, ikashuka ubaoni, ikaenda chini ya friji. Watu wanne tukapiga magoti na tochi za simu. Ilipoonekana ukazuka ubishi: hiyo ni 6 au 9? Dakika tano tunabishana, kumbe zote zinafeli, alihitaji 10! Akafeli. Zamu iliyofuata fundi simu, ambaye mhusika wake hajawahi kushika usukani, akanyoosha mkono kutoka siti ya nyuma, akarusha 17, gari ikatoka kichochoroni kama imepakwa mafuta.

Dereva hakugomba. Alikunja karatasi ya mhusika wake mara nne, akaitia mfuko wa shati, akasema, "Kaka, mimi usukani nimeshika miaka kumi na nne. Hiki kitabu kimeandikwa na abiria."

Na wakati huo nilishachapa. Mpiga chapa alinishauri kopi 200 kwa sababu 50 "hazilipi", kila moja 9,500. Piga mwenyewe hesabu, halafu ujue kwamba sehemu ya hela hiyo ilitoka kwenye kikoba cha shemeji yako. Nimeuza 31. Baadhi ya walionunua walirudi kuniuliza kama ile fotokopi ya zamani bado ipo.

Nilishapata hasara ndipo nikasoma kwamba wenzetu walipita njia hii kabla yangu. Traveller, gemu la Marekani la mwaka 1977, lilianza na dadu mbili za pande sita. Mwaka 1993 likahamishiwa dadu ya pande 20. Kampuni yake ikafungwa 1996, na sisemi dadu ndiyo iliyoiua, lakini Waingereza walipolitoa upya 2008 walirudi kwenye dadu mbili. Na usiniletee Dungeons & Dragons, lile gemu kubwa la kuigiza la Marekani, najua ndiyo mnayoiangalia. Wale toleo la nne la 2008 walibomoa mengi hadi wachezaji wengi wakahamia Pathfinder, gemu la kampuni nyingine lililojengwa juu ya kanuni za toleo lililotangulia. Pamoja na ubomoaji wote huo, dadu yao ya 20 hawakuigusa. Kwao hiyo ndiyo dadu ya ludo, ile wachezaji wao waliyoizoea.

Kwa hiyo badilisheni mnachotaka, mkono wa mchezaji msiuguse. Anachorusha leo ndicho arushe kwenye toleo la pili.

Kuhusu simu, ndiyo, ziingizeni, maana mpelelezi wa sasa hawezi kupotea Majengo wakati ana ramani mfukoni. Mpeni bando linaloisha na chaji asilimia 9, siri itabaki siri. Na hata hapo kama mnataka kujua simu imeshika mtandao au la, rusheni dadu mbili. MBILI.

Yule mtaalamu yuko Dar siku hizi, nasikia anashauri watu kuhusu biashara.

Dadu za pande 20 ninazo 60. Wanangu walijaribu kuchezea gololi wakasema hazilengi vizuri. Ukizitaka panda Coaster uje, nauli juu yako.