Mashindano ya Kuvua Ziwani

SWALI: Mhariri, ninaishi Leicester, Uingereza, na nimejiunga na klabu ya uvuvi wa mshipi. Hivi karibuni tutashindana katika ziwa dogo. Mshindi hupatikanaje, nami nijiandae vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, mashindano ya aina hii kwa kawaida huamuliwa kwa uzito wa jumla wa samaki wote uliowavua, hivyo anayenasa wadogo mfululizo kwa saa tano anaweza kumshinda aliyemngoja mkubwa mmoja asiyekuja. Nafasi za kuketi hupangwa kwa kura. Ukiangukia pabaya, usinung'unike, kwani hata wakongwe huangukia huko.

Kabla ya ishara ya kuanza huruhusiwi kutupa chambo majini, ingawa kwa kawaida unaweza kupima kina. Kazi hiyo ifanye kwa makini kuliko zote, ili boya likae mahali ambapo chambo kitagusa chini, wanakojilisha samaki wengi. Kisha rusha mabuu machache machache, mara kwa mara. Ukiyamwaga kwa pupa, samaki watashiba kabla ya kuiona ndoana yako.

Samaki huhifadhiwa hai katika wavu mrefu uliozamishwa, hupimwa mwishoni, halafu hurudishwa ziwani, jambo ambalo sisi tuliozoea kuvua kwa ajili ya kitoweo hulistaajabia. Kata leseni ya uvuvi ya serikali, kwa sababu uanachama wa klabu hauchukui nafasi yake, na uulize kama ziwa hilo linakataza ndoana zenye kijino cha kumzuia samaki asichomoke, kwani mengi huzikataza.