Subiri baza ilie kabla hujapiga stata

Wadogo zangu mnaoanza kushika usukani wa boti, asubuhi mkifungua swichi msiharakie stata. Subirini baza, ile king'ora ndogo ya tahadhari, ilie kwanza. Kwenye mashine nyingi za dizeli za ndani, swichi ikifunguliwa na mashine bado imelala, presha ya oili hakuna, basi taa nyekundu huwaka na baza hulia. Mashine ikishika, presha inapanda na kelele inakatika. Mgeni wa kazi hukereka, akataka inyamaze upesi. Mimi kelele ile hunituliza. Siku isipolia ndiyo nashuka kutafuta waya uliooza kwa chumvi, au mtu aliyeichomoa. Ndiyo, watu huichomoa. Kuna boti niliikuta baza imezibwa kwa sponji na tepu nyeusi, nikaambiwa ilikuwa inawasumbua watalii.

Sijifanyi mjuzi, na mimi yalinifika. Tulikuwa tunarudi Wesha, Pemba, kutoka kisiwa cha Misali, kusi limechachamaa, boti ya mashine moja. Geji ya joto ilikuwa chini kushoto, nyuma ya usukani. Kuisoma mpaka niiname. Niliinama mara moja, mshale uko 80. Baadaye nikainama tena, umeteremka mpaka 50. Nikajisemea, leo mashine inapoa vizuri. Haukupita muda, harufu ya rangi inayoungua ikatufikia. Kufungua kifuniko, mpira wa maji ya kupozea umepasuka na maji yote yamo ngamani, chini kabisa ya boti. Sensa ya geji ile hupima joto la maji hayo. Maji yakikimbia inabaki hewani, nayo inakusomea uongo. Baza haikulia, kwa kuwa swichi yake nayo ilikaa kwenye maji yale yale. Toka siku hiyo mshale unaoshuka bila sababu hunitisha kuliko unaopanda, na nimeongeza sensa ya pili iliyobanwa kwenye chuma cha silinda hedi, yaani kichwa cha mashine.

Sasa, fundi akija kutoboa dashibodi usimwachie achague mwenyewe, atatoboa panapomrahisishia mkono wake. Simama kama unavyosimama baharini, macho mbele, umpe mwenzako geji azisogeze mpaka uzione bila kuinamisha shingo. Joto na presha ya oili ndizo zikae karibu na mstari wa macho. Geji ya mafuta na saa za mashine zende pembeni. Ukitokea Jambiani au Paje, mashariki ya Unguja, alfajiri, jua linakuja usoni kutoka baharini na kioo cha geji kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia. Kijikingo cha mbao juu yake kinatosha.

Kuna ujanja mmoja wa marubani na madereva wa mashindano ambao naupenda sana. Geji uzizungushe kwenye tundu zake ili mashine ikiwa katika hali yake ya kawaida mishale yote isimame wima. Namba zitakaa upande na wenye boti watakucheka. Lakini hapo huhitaji kusoma namba yoyote: mshale mmoja ukilala, jicho linaushika hata chombo kikiyumba.

Angalieni dira pia. Baza nyingi zina sumaku ndani, na waya wenye umeme huivuta dira. Kabla ya kukaza skrubu, washa kila kitu kimoja kimoja huku unaitazama. Ikicheza, sogeza, na waya wa kwenda na wa kurudi uzisokote pamoja.

Baza yenyewe ishinde kelele ya mashine ikiwa kasi. Usiifungie kwenye boksi la maboya.

Maji ya bahari, yale yanayovutwa kusaidia kupoza kisha yakatokea kwenye ekzosi, ni habari nyingine. Mwani au mfuko ukiziba tundu la kuvutia, ekzosi hukauka sauti, ikakoroma, na mpira wake hupata moto kabla geji ya joto haijashtuka. Sensa ya kufungwa kwenye mpira huo ni bei ndogo ukilinganisha na hedi mpya.

Ikilia baza ya oili, zima mashine papo hapo. Ikilia ya joto, punguza, toa gia, chungulia maji nyuma, yasipotoka, zima. Kama uko karibu na mwamba, tupa nanga kwanza. Ukiwa katikati ya mkondo wa Pemba nanga haifiki chini, hivyo tanga dogo au hata turubai liwe tayari. Na kifuniko cha maji usikiguse mpaka mashine ipoe. Kovu la mkono wangu wa kulia lilitoka hapo.