Mpango wa ardhi ya kijiji hukwama wilayani: yafanyeni haya kabla ya kuchora ramani

Ofisi nyingi za watendaji wa vijiji zina ramani ya rangi ukutani: kijani malisho, njano mashamba, kahawia makazi. Uliza muhtasari wa mkutano mkuu ulioipitisha uko wapi, au sheria ndogo zake zimeidhinishwa lini, utaambiwa "faili liko wilayani". Wilayani nako watakuambia liko kijijini. Mkulima aliyelima ndani ya malisho akishtakiwa, ramani ya namna hiyo haimfanyi kitu.

Kisheria kijiji kina nguvu. Sheria ya Tanzania ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji. Tatizo ni kwamba kijiji kinapanga juu ya ardhi ambayo wengine nao wameshaipanga, na wengi wao hawako chini ya mkurugenzi wa wilaya: TANROADS (barabara kuu na za mkoa), TARURA (barabara za vijijini na mijini), RUWASA (maji vijijini), Wakala wa Misitu, TAWA (wanyamapori), ofisi ya bonde la maji. Baraza la Madiwani linaweza kupitisha mpango wenu kwa makofi, na meneja wa barabara asiutambue.

Kwa hiyo anzeni na barua, mwezi mmoja au miwili kabla timu ya wilaya haijafika. Ombeni kwa kila taasisi kitu kimoja: mipaka ya eneo lake ndani au kando ya kijiji, na namba ya GN (Tangazo la Serikali) iliyolitangaza. Pitisheni barua kwa mkurugenzi ili nakala ibaki kwenye faili la halmashauri. Ikiwa kuna msitu wa hifadhi, ombeni ramani iliyoambatana na GN, kisha muilinganishe na vigingi vilivyoko porini. Visipolingana, tatizo hilo limalizwe sasa. Likisubiri hadi watu wapewe hati za kimila, mtalimaliza mahakamani.

Vipimo viwili havihitaji barua. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Kingo za mito, mabwawa na maziwa zina mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazilinda. Zichoreni mwanzo kabisa. Mtashangaa bustani ngapi za mboga zimo humo, na hayo ndiyo mazungumzo ya kufanya na wenye bustani kabla ya mkutano mkuu, kwa utulivu, nyumba kwa nyumba.

Halafu mpaka na majirani. Vijiji vyote viwili vitembee pamoja siku moja: wazee wa vitongoji vinavyopakana, wanaolima mpakani (wanawake mara nyingi ndio wanaojua shamba linaishia wapi), na wafugaji hata kama si wenyeji wa zamani. Chukueni pointi za GPS kila mpaka unapokata kona, na kila pointi iandikwe pia kwa maneno: "mbuyu mkubwa kusini mwa kisima". Msitegemee mto peke yake, hasa wa mchanga, kwani mvua kubwa moja inauhamisha. Muhtasari wa makubaliano usainiwe papo hapo chini ya mti, nakala mbili, wenyeviti na watendaji wote wanne. Ukibebwa kwenda "kuchapwa vizuri", hurudi na mstari mwingine.

Kuna kosa moja la kitaalamu ambalo hata wapimaji wazoefu hulifanya. Ramani za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa koordineti uitwao Arc 1960, wakati GPS ya mkononi hutoka dukani ikiwa kwenye mfumo mwingine, WGS84. Mkichanganya mifumo hiyo, mpaka unaruka kama mita 300, hasa kuelekea kaskazini au kusini. Mita 300 ni shule nzima na uwanja wake. Nyuzi 36 mashariki nazo ndizo zinazotenganisha kanda 36 na 37 za UTM (gridi ya ramani inayopima kwa mita), na mstari huo unapita mkoani Dodoma: jiji liko kanda 36, Kongwa iko 37. Mwambieni mpima aandike mfumo na kanda juu ya kila orodha ya koordineti. Orodha isiyo na maneno hayo msiipokee.

Sasa ugawaji. Hapa watu hugombana kwa hisia wakati hesabu ingewasaidia. Chukulia kijiji chenye kaya 400. Kwa ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, ambalo ni la taifa kwa sensa ya 2022, baada ya miaka 10 zitakuwa kama 548. Kaya mpya 148 kwa nusu ekari ni ekari 74. Ongeza asilimia 20 ya njia na huduma, unafika karibu 89. Wakati huohuo ng'ombe 2,000, ukiwakadiria hekta 4 kila mmoja kwenye eneo kame (kadirio la kwenu muulizeni afisa mifugo), wanataka hekta 8,000. Vijiji vichache vina eneo hilo, ndiyo maana kupanga malisho kijiji kimojakimoja ni kupanga ugomvi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu makubaliano ya matumizi ya pamoja. Kiteto, mkoani Manyara, walifanya hivyo: vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa waliunganisha malisho na kuyaita OLENGAPO, jina lililotokana na majina yao. Kila kijiji kilibaki na mpaka wake, ng'ombe wakabaki na njia.

Msiache sehemu yoyote ya ramani bila matumizi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapofafanua ardhi ya jumla, yaani ile isiyo mikononi mwa kijiji, inaingiza humo ardhi ya kijiji "isiyotumika", na neno hilo limewaumiza wengi. Eneo la akiba liitwe akiba, liandikwe ni kwa ajili ya nani na lini, na mkutano mkuu ulipitishe kwa jina hilo.

Mkutano mkuu wa kupitisha uwe na ajenda mbili tofauti: mpango, na sheria ndogo zake. Ndipo vinapokwama. Mpango ukipita bila sheria ndogo, hakuna faini. Na sheria ndogo haziwi sheria mpaka halmashauri ya wilaya iziidhinishe. Pelekeni vyote pamoja, na orodha ya mahudhurio yenye saini, kwa afisa ardhi na kwa mwanasheria wa halmashauri, kila mmoja nakala yake. Diwani wenu ajue tarehe ya kamati inayotangulia Baraza, maana vikao vya Baraza ni vya robo mwaka na mkikosa kimoja mnasubiri miezi mitatu. Mgogoro ukiwa na kijiji cha wilaya nyingine, usisubiri Baraza: hilo ni la mkoa, pelekeni mapema kupitia kwa mkuu wa wilaya.

Mpango ukirudi na muhuri, toeni nakala nne: masjala ya kijiji, kata, baraza la ardhi la kijiji, na moja kwa mwenyekiti wa kijiji jirani. Hii ya nne wengi huiona ya ajabu, lakini ndiyo inayosomwa zaidi. Na akija mtu na barua ya kuomba ardhi, fungueni ukurasa wa akiba kwanza. Kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla, ikizidi hekta 250, uamuzi uko kwa Waziri. Ikiwa 250 au pungufu, mkutano mkuu wenu ndio unaokubali au kukataa. Angalieni kama aliyeandika barua ameomba hekta 249.