Kosa la kibao cha dukani

SWALI: Mhariri, salaam. Ndugu yangu aliyeko Marekani amenitumia picha ya stika ya bampa iliyoandikwa "I'm silently correcting your grammar", yaani mwenye gari husahihisha sarufi ya wenzake kimyakimya. Je, kibao cha dukani kisemacho "10 items or less", yaani vitu 10 au pungufu, nacho kina kosa? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Salaam, ndugu msomaji. Wasahihishaji watakuambia kwamba vitu vinavyohesabika huhitaji neno "fewer" (vichache zaidi), nayo "less" (pungufu) ni ya visivyohesabika, kama maji na sukari. Na kwa kweli, katika mtihani au barua ya kikazi ni salama kuifuata kanuni hiyo. Hata hivyo, umbo la kale la "less" lilitumika kwa vinavyohesabika tangu karne ya 9, katika maandishi yanayonasibishwa na mfalme Alfred wa Wessex, ufalme wa kale huko Uingereza, ilhali kanuni yenyewe ilichipuka kutokana na maoni ya Robert Baker, mwandishi wa masuala ya lugha ya Kiingereza, aliyeandika mwaka 1770 kwamba yeye aliona "fewer" inafaa zaidi. Inaniuma sana kuona mtu akichekwa hadharani kwa sababu ya upendeleo wa namna hiyo. Mwaka 2008 maduka ya Tesco nchini Uingereza yaliamua kubadili vibao vyao viwe "Up to 10 items", maneno ambayo hayana ubishi.