Msinichangie Mtaji, Ninunulieni Korosho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili moja ya Novemba 2016 nilisimamishwa mbele ya kanisa letu hapa Masasi, mkoani Mtwara, kapu likazungushwa, na watu wakanichangia shilingi 780,000 nianzishe biashara ya korosho za kukaanga. Msimu ulikuwa umeiva. Fedha za minada ya korosho zilikuwa zimeanza kuwafikia wakulima na mikono ya watu ilikuwa myepesi. Akina mama walipiga vigelegele, mchungaji akaniwekea mikono, nikalia mbele ya watu wote. Kufikia Februari biashara ilikuwa imekufa, na kwa Jumapili tatu mfululizo sikukanyaga kanisani, kwa sababu sikujua ningewatazamaje wale waliotoa.

Vijana wengi wananiuliza siku hizi waombe nini kanisani wanapotaka kuanza biashara. Kabla sijawajibu, acha niwaeleze zile 780,000 zilikwenda wapi, maana daftari ninalo hadi leo.

Kwanza nilitoa fungu la kumi. Shilingi 78,000, Jumapili iliyofuata, kwenye bahasha. Nilitoa kwa moyo safi kabisa, na wala sikujua kwamba nilikuwa nakata kwenye mbegu kabla sijapanda. Kisha nikanunua kilo 35 za korosho zilizokwisha kubanguliwa kutoka kwa kikundi cha akina mama, kwa shilingi 14,000 kila kilo. Nikanunua mizani ndogo, sufuria pana, mkaa, vifungashio. Nikapata pakiti 340 za gramu 100, na kila pakiti nikapanga kuiuza 2,500. Kwenye karatasi nilikuwa tajiri.

Wateja wangu wakawa wapendwa wenyewe. Ibada ikiisha nasimama chini ya mwembe na kikapu. "Mama, nipe tatu, nitakupa Jumapili ijayo." Ningemkataliaje mtu aliyetia 5,000 kwenye kapu langu wiki mbili kabla? Nikaandika. Wengine sikuandika hata jina, nilijiambia nitakumbuka. Nilizoandika zilifika pakiti 127 kwa watu 23, yaani shilingi 317,500 zilizokaa midomoni mwa watu. Pakiti 40 nyingine niligawa: wageni wa kanisa, wagonjwa, kwaya iliyotutembelea. Fedha taslimu niliyoipata ilikaa kwenye kopo moja na fedha ya nyumbani, na Januari ilipofika na madaftari ya shule na sare, kopo likafunguliwa usiku.

Aliyenitoa kwenye ile aibu ni mzee mmoja wa kanisa aliyestaafu uhasibu katika chama cha msingi cha ushirika. Alikuja nyumbani jioni, akakataa chai, akaomba daftari. Akasoma ukurasa hadi ukurasa, kimya, kidole kikitembea juu ya majina ambayo mengi alikuwa anayajua.

"Mwanangu," akasema, "hawa hawakuwa wanakopa. Walijua hii ni hela yao, wanakula sadaka yao."

"Kwa hiyo kosa ni lao, baba?"

"Kosa ni letu wazee. Tulikupa hela, hatukukuagiza kitu."

Nimeyatafakari maneno hayo kwa miaka sasa. Mtu akikuchangia, macho yake yanaona shida yako. Akikuagiza pakiti 60 zifike Jumamosi saa nne, macho yake yanaona korosho: zimeiva sawasawa? Zimevunjika? Gramu zimetimia? Agizo linakulazimisha uwe mfanyabiashara, na ndiyo maana nawaambia vijana wasiombe harambee, waombe kanisa liwe mteja wao wa kwanza.

Soma tena habari ya yule mjane katika 2 Wafalme 4, wapendwa. Tumeihubiri sana kama muujiza wa mafuta na tumepita haraka kwenye mambo mengine yote yaliyomo. Elisha hakumpa fedha. Alimuuliza ana nini nyumbani. Majirani hawakuchangishwa; waliazimwa vyombo, vyombo vitupu, ambavyo bila shaka vilikuwa vimekaa tu majumbani mwao. Mafuta yalipokoma, aliambiwa akauze, alipe deni kwanza, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kilichosalia. Mle ndani kuna bidhaa, kuna soko, kuna deni linalolipwa kabla ya matumizi ya nyumbani. Mimi nilianzia mwisho, nikala kilichosalia kabla hakijasalia.

Kanisa letu lilikuwa na chombo kitupu pia: jiko. Jiko zuri, sakafu ya saruji, tangi la maji, madirisha yenye wavu, na lilikuwa linafunguliwa siku za harusi na sikukuu tu. Mzee alipeleka hoja kwenye kikao: nilitumie siku tatu kwa wiki, nilipe shilingi 10,000 kwa mwezi. Wapo waliosema nisilipe kitu, ni binti wa kanisa. Mzee akashikilia nilipe, nami nikamuunga mkono, kwa sababu bila kulipia jiko nisingejua gharama yangu ya kweli, na siku kanisa likilihitaji jiko lake ningeanguka tena.

Jiko hilo ndilo lililonifungulia mlango wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ukitaka alama ya ubora, mjasiriamali mdogo anapitia SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, kisha mahali pa kuzalishia panakaguliwa. Nyumbani kwangu nilikuwa nakaangia uani, kuku wakipita. Mkaguzi yeyote angenirudisha.

Agizo la kwanza lilikuja Julai 2017 kwa ajili ya sherehe ya kipaimara. Pakiti 60, bei 2,500, jumla 150,000, nusu ikalipwa mbele na nusu siku ya kupokea. Liliandikwa na kusainiwa na mhazini. Nikaongeza 40,000 yangu iliyotokana na kuku, nikanunua kilo sita na nusu kwa 91,000. Vifungashio 9,000. Mkaa 6,000. Jiko 10,000. Nilipomaliza kutoa vyote, faida ikawa 34,000, na fungu la kumi langu 3,400. Nilipoiweka ile bahasha nyembamba mikono ilitetemeka, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa natoa kitu nilichokizalisha. Najua wapo watakaobishana nami kuhusu fungu la kumi la mtaji uliochangiwa. Mimi na mchungaji wangu tulikaa, tukaomba, tukakubaliana kwamba fungu linatoka kwenye ongezeko, na ninalala usingizi.

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mzee alikuwa anakagua daftari langu. Dakika ishirini, haizidi. Kama ningeambiwa nichague kimoja kati ya vyote kanisa lilivyonipa, ningechagua hizo dakika ishirini. Makanisa yetu yamejaa walimu wastaafu, wahasibu, mabwana shamba, makarani wa maghala, watu waliopokea stakabadhi na kusimamia minada tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hukusanywa ghalani kwa stakabadhi kisha kuuzwa mnadani, ulipoanza mwaka 2007. Tunawapa kazi ya kuhesabu sadaka na kusoma matangazo. Wapeni kijana mmoja mmoja wamlee.

Kuhusu deni, mzee aliniandikia kanuni moja kwenye jalada la daftari: mpendwa halipi kesho. Mwanzoni iliniuma kuitekeleza. Siku moja mama mmoja aliniambia nimepoa kiroho kwa sababu ya fedha. Nilimjibu kwa upole kwamba nikimkopesha na nikafunga biashara, mabinti wawili ninaowalipa kupima na kufungasha watakosa kazi, na wao pia ni wapendwa. Alinunua pakiti moja ndogo. Hadi leo ni mteja.

Jambo jingine linahusu mwezi wa kuanza. Hapa Kusini, kuanzia Oktoba hadi Januari kila biashara inaonekana imebarikiwa. Vitenge vinauzwa, pikipiki zinauzwa, keki zinauzwa. Kijana anaanza Novemba, anaona fedha, anashukuru madhabahuni, kisha Machi inamkuta hana mteja hata mmoja na anadhani amerogwa. Anza Machi. Anza watu wakiwa hawana kitu, kwa kiasi kidogo, uone nani anakununua hata wakati wa ukavu. Na vikoba vya kanisa, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, virekebishe kalenda yao: mkopo wa mwezi wa nne unaotakiwa kurejeshwa mwezi wa saba unamtesa mtu ambaye kipato chake kinafuata mkorosho.

Hapo hapo kwenye ukavu ndipo kangomba inapoingia, na sitanyamaza. Mkulima ana mgonjwa, ada imemkaba, korosho bado hazijatoa hata ua; anakuja mtu na fedha mkononi anamnunulia mavuno yake kwa bei ya kutupa. Nilishawahi kushawishiwa niingie. Faida yake ni kubwa kuliko yangu mara nyingi. Lakini Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na bei inayosubiri mtu aumwe ndipo inunue ni mizani ya hadaa, hata kama haina bakuli la kupimia lililobonyezwa. Mkristo anayefanya kangomba kisha akajenga choo cha kanisa, ningetamani wazee wa kanisa wamrudishie fedha zake wamwambie awarudishie wakulima. Kanisa likiwa na kikoba chenye afya, yule mkulima anakopa pale, na kangomba inakosa mtu.

Kikoba chenyewe kisajiliwe. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vimewekwa daraja lake na vinatakiwa kutambuliwa. Mchungaji asiwe mwenyekiti, na boksi lisikae nyumbani kwake. Mwacheni abaki mtu ambaye mdaiwa na mdai wote wanaweza kumkimbilia. Tena kikundi kilichosajiliwa na chenye katiba iliyoandikwa vizuri kinaweza kuomba ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Wengi wanakwama kwenye kuandika tu, na katibu wa kanisa anaweza kuwasaidia.

Nikitaka kuona kanisa lililoyaelewa haya zamani, naenda Ndanda, kama kilomita 40 kutoka hapa kwenye barabara ya Lindi. Mimi si Mkatoliki, lakini Wabenediktini walipojenga pale mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa wakati wa Vita vya Majimaji, hawakuishia kwenye kanisa na hospitali. Kuna kiwanda cha uchapaji, kuna karakana, na mafundi wengi wa mkoa huu wameshika ufundi pale. Padre mmoja aliwahi kunionyesha sura ya 57 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto: bidhaa za watawa ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko wanavyouza watu wengine, ili Mungu atukuzwe katika mambo yote. Mimi siwezi kushusha bei kila mara. Lakini pakiti yangu ya gramu 100 ina gramu 103, na naomba mtu yeyote aipime.

Na msiufungie mlango wa kanisa kwa ndani. Mteja wangu mkubwa leo ni kaka mmoja Mwislamu anayeuza kwa abiria wa mabasi. Tulikutana kwa sababu shemeji yake alipewa pakiti kwenye harusi kanisani kwetu. Analipa taslimu, na Ramadhani ikikaribia ananiambia mapema nipunguze pakiti za mchana. Kanisa lilinifundisha kuuza. Yeye amenifundisha kuuza kwa mtu asiyenijua.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye kikao cha wazee kuhusu sare mpya za kwaya. Miaka yote tumeshonesha Dar es Salaam, wakati kijana wa jumuiya yetu ana cherehani mbili na anakaa benchi la tatu kila Jumapili. Palikuwa na pendekezo la kumchangia cherehani ya tatu. Niliomba nafasi nikaongea kidogo, mzee wangu akiwa kando yangu. Mhazini aliandika agizo la sare 34, nusu mbele, nusu siku ya kupokea, na tarehe ya kukabidhi ikawekwa. Kijana ameshapima kwaya nzima, wamebaki waimbaji wawili wa besi walio shambani Nanganga, na amesema atawafuata huko na futi yake Alhamisi.