Laptopu yangu imebadilika jina yenyewe

SWALI: Habari kaka. Nina laptopu ya Linux, aliniwekea binamu yangu. Nyumbani nikifungua terminali naona jina localhost, sasa juzi nimelala gesti Arusha, Kaloleni, nikaunga waifai yao, kufungua terminali nakuta inajiita pc14! Halafu kila programu mpya nikiibonyeza haifunguki. Nimedukuliwa? Kazi zangu za chuo zote zimo humo. — Dada wa Majengo, Moshi

JIBU: Pole dada yangu, hujadukuliwa. Binamu yako hakuipa mashine jina, ndo maana ikabatizwa ugenini.

Iko hivi, ukiunga waifai laptopu inaomba anwani kwa ruta, kile kifaa kinachogawa waifai, utaratibu huo unaitwa DHCP, na ruta ikijibu inaweza kutuma na jina humohumo. Programu inayosimamia mitandao, NetworkManager, inaangalia kwanza faili la /etc/hostname, ikikuta umeandika jina lako hailigusi, ikikuta patupu au pameandikwa localhost inachukua la ruta, na ruta ikinyamaza inauliza DNS, yaani daftari la majina na anwani za mtandao, kinyumenyume kwamba anwani hii ni ya nani. Jina la hivyo ni la muda tu, ukihama mtandao nalo linaondoka.

Programu kugoma nako kumetokana na hilohilo. Kama unatumia X11, mfumo mmojawapo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, kibali cha kufungua madirisha kimeandikwa kwa jina la mashine, sasa jina likibadilika katikati ya kazi kibali hakionekani. Ukitoka ukaingia upya zinafunguka.

Dawa yake fungua terminali uandike:

sudo hostnamectl set-hostname majengo

Weka jina unalotaka, herufi ndogo, namba na kistari basi, usiache nafasi, na lisizidi herufi 64. Kama Linux yako ni ya aina ya Ubuntu au Debian fungua na faili la /etc/hosts, ule mstari wa 127.0.1.1 uandike jina hilohilo, la sivyo sudo, ile amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi, itakuwa inalalamika kila ukiiita.

Ila nakuomba sana usiweke jina lako kamili! Laptopu nayo huwa inaitajia ruta jina lake ikiomba anwani, kwa hiyo mwenye gesti akifungua ukurasa wa ruta anaona nani kaunga. Kwa mtoto wa kike anayelala ugenini mimi hilo silipendi kabisa, weka majengo au kahawa, inatosha.